Kiti cha Itifaki

Mwenyekiti wetu wa Vijana alikuwa na wajukuu. Nalisema hili mapema ili mtu asisome hadi katikati ndipo ashtuke. Alikuwa na wajukuu, alikuwa na upara, alikuwa na goti la kushoto lililojua mvua inakuja kabla ya redio kutangaza. Na kila mwezi alisimama mbele ya ukumbi wetu wa mabati pale Kangemi, akaweka mkono kifuani, akasema, "Sisi vijana tumechoka kusahauliwa." Sisi, vijana wenyewe, tulikuwa tumekaa kwenye mabenchi tukimpigia makofi.

Sitawaambia alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Mimi ni msusi. Katika kazi yangu mtu anakupa ukoo wake wote kabla hujamaliza mstari wa kwanza, na kusema kweli koo za watu nimezishiba. Nitasema niliyoyaona kwa macho yangu, tangu nikiwa msichana wa kidato cha pili hadi nikawa mwanamke mwenye saluni yake kando ya barabara, karibu na Mountain View, na miguu inayovimba ikifika saa kumi.

Miaka yote hiyo hakuniita jina langu hata mara moja. Aliniita Kesho. Ilianza siku yangu ya kwanza kikundini, alipotuambia kwamba vijana ni viongozi wa kesho, nami kwa utoto wangu nikainua mkono nikamuuliza, "Kesho saa ngapi?" Ukumbi mzima uliangua kicheko. Yeye hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyeumwa na siafu mahali asipoweza kujikuna mbele za watu. Toka hapo ikawa, "Kesho, lete maji." "Kesho, funga dirisha." "Kesho, ongea kwa sauti, kiongozi hanong'oni." Nikaolewa, bado Kesho. Nikajifungua, akaja kunipa pole na mfuko wa sukari, akamtazama mtoto, akasema, "Huyu sasa ni Kesho Kutwa."

Alivaa tai. Ilikuwa tai moja, nyekundu, pana kama kitambaa cha kulia chakula, na kwa kweli ilifanya kazi hiyo pia. Aliivaa juu ya shati, juu ya sweta, na siku moja ya baridi ya Julai nilimwona ameivaa juu ya koti la mvua. Alisema kiongozi asiye na tai ni mpita njia.

Alikuwa na sheria tatu, na hizi zishikeni, kwa sababu ndizo zilizommaliza. Kiongozi hachelewi. Kiongozi hali kabla ya wenzake. Kiongozi hamkatizi mtu akiongea. Alitukaririsha kila kikao. Tatizo ni kwamba alikuwa akiingia ukumbini tumekwisha kungoja hadi matako yamekufa ganzi, ana makombo ya mandazi kwenye ile tai, na kabla hajafika mbele ameshamkatiza aliyekuwa anaongea ili atuambie kwamba kiongozi hamkatizi mtu.

Siku moja Wekesa alimkamata jikoni. Wekesa ni rafiki yangu, fundi wa mabomba, mtu mwenye moyo mweupe na masikio mazito, na yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wetu wa chai. Alimkuta Mwenyekiti nyuma ya pazia na sahani ya githeri imejaa, mkutano hata haujaanza.

"Mwenyekiti," Wekesa akamwambia, "si ulisema kiongozi anakula wa mwisho?"

"Ndiyo," akajibu, akitafuna. "Sasa mimi ni wa mwisho, na wa mwisho huwa hapati kitu. Unataka kiongozi wako afe njaa? Nimejiwekea ya mwisho mapema."

Wekesa alikubali, akaondoka. Alifika nusu ya ukumbi ndipo akasimama, akakuna kichwa.

Nyumbani kwake hali ilikuwa tofauti kabisa. Mkewe, Mama Shiro, alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara, na kile kiti cheupe chenye mikono alichokalia mumewe kikundini kilikuwa chake. Alikinunua yeye. Mtu akimwita mumewe Mwenyekiti mbele yake, alikuwa akicheka hadi anashika ukuta. "Mwenye kiti gani?" alikuwa akisema. "Mwenye kiti ni mimi. Huyo amekiazima."

Lakini sikatai, alitufundisha. Ngoja niwaambie alivyotufundisha, maana watu wakisikia habari za kuwakuza vijana wanafikiria semina za hotelini na kalamu za bure. Sisi hatukuona kalamu.

Jumatatu moja alitupeleka mjini. Tulikuwa kundi zima, wote na tai za kuazima, hata mimi, yangu ilikuwa ya sare ya mwanafunzi. Akatupandisha ghorofa za ofisi moja ya umma, akatuketisha kwenye benchi la wanaosubiri, akatuambia tukae wima na tunyamaze. Askari wa mlangoni akaja.

"Niwasaidie?"

"Hapana, asante," Mwenyekiti akasema. "Tunangoja."

"Mnangoja nani?"

"Hakuna mtu. Tunajifunza kungoja tu. Hawa ni viongozi wa kesho."

Yule askari alirudi mlangoni akaanza kututazama kwa pembe ya jicho. Wafanyakazi wakawa wanapita na mafaili, wanachungulia, wanarudi, wanachungulia tena. Haijawahi kutokea hapa Nairobi watu waliovaa tai wakae ofisini asubuhi nzima bila kuomba kitu, bila kulalamika, bila hata kuuliza choo kiko wapi. Kufikia saa sita walikuwa wameshaamua kwamba sisi ni wakaguzi. Ikaja chai. Zikaja sambusa. Mwisho akatoka bwana mmoja mnene, jasho linamtiririka, akatupa mkono mmoja mmoja, akauliza kwa unyenyekevu kama kuna jambo lolote tungependa lirekebishwe.

Sote tulimwangalia Mwenyekiti. Mwenyekiti aliangalia dari, maana mdomo ulikuwa na sambusa. Wekesa ndiye aliyejibu: "Ile taa ya kwetu Kangemi, pale kwa daraja ya kuvukia, haiwaki." Wiki hiyo hiyo ikawaka. Mwenyekiti akatukumbusha jambo hilo miaka yote iliyobaki. "Tulingoja," alikuwa akisema, "na mwanga ukaja." Ukimwambia ni Wekesa aliyeongea, alikuwa anasema Wekesa alifunzwa na nani?

Mara nyingine alitutembeza kwa miguu hadi Lavington, tukajifunze kuhutubia matajiri. Hakuna tajiri aliyetoka. Ni kuta, maua, na mbwa wa kubweka kwa zamu. Mwenyekiti hakukata tamaa. Alichagua lango moja jeusi, kubwa, akasema, "Haya, hutubieni hili lango. Mkiweza kuongea na lango, mtu atawatisha nini?" Wekesa akasimama mbele ya lango akaanza kulieleza shida za vijana, kazi hakuna, mitaro imeziba, na akashikwa na hamasa kweli, akawa analinyooshea kidole. Katikati ya hotuba, kile kidude cha kuongelea kando ya kengele kikakwaruza, sauti ya mwanamke ikasema, "Wewe, ongea pole pole. Mwenye nyumba hayuko, mimi ni wa jikoni. Lakini rudia hapo kwa kazi."

Akarudia. Alipomaliza, mlango mdogo ukafunguliwa, wakatoka askari, mtunza bustani na yule dada wa jikoni na unga mikononi, wakampigia makofi. Wekesa alilia. Nami nililia kidogo, sijui kwa nini. Mwenyekiti alisema hizo ni kura tatu, twendeni lango linalofuata.

Sasa nije kwa Itifaki.

Mnajua hotuba za kwetu. Mtu hawezi kusema neno la maana kabla hajawasalimia wakubwa wote kwa vyeo vyao, kuanzia askofu hadi kwa mwenye kuleta kipaza sauti. Hiyo ndiyo itifaki. Na aliye na haraka husema tu, "Itifaki imezingatiwa," yaani chukulieni nimewasalimia wote, akaendelea na mambo yake. Siku moja mheshimiwa mmoja alikuwa amekuja kutufungulia choo rasmi, na utepe na makasi. Akasimama, akakohoa, akasema, "Itifaki imezingatiwa."

Wekesa alikuwa jikoni. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Alichosikia ni kwamba kuna mgeni anaitwa Itifaki, na kwamba kuna mtu anatakiwa amzingatie. Mtu wa pwani angejua hapo hapo kuwa hilo neno si mtu, maana mtu angekuwa "amezingatiwa", si "imezingatiwa". Lakini sisi wa Nairobi ngeli tuliziacha mahali tukasahau kurudi kuzichukua. Kwetu mtoto inalia, mzee imefika, maji imeisha, na maisha yanaendelea. Wekesa akatoka jikoni mbio na kikombe cha chai na sahani ya mandazi, akapita katikati ya ukumbi, akasimama mbele ya mheshimiwa.

"Samahani mheshimiwa," akasema. "Itifaki imekaa wapi? Chai yake inapoa."

Mheshimiwa alikodoa macho. Mimi nilijiuma shavu la ndani hadi nikaonja damu, maana ningecheka tungekosa choo. Ndipo Mwenyekiti aliposimama, polepole, akarekebisha tai.

"Itifaki yuko njiani," akasema. "Wekesa, mwekee kiti hapa kando yangu."

Kiti kikaletwa, cha plastiki, cha buluu, kimepasuka mgongoni. Chai ikawekwa juu yake. Na mheshimiwa, kwa kuogopa kumkosea mtu mkubwa asiyemjua, akaendelea na hotuba huku akikitazama kile kiti mara kwa mara. Alipokuwa anaondoka alimshika Mwenyekiti mkono akamwambia, "Nisalimie Itifaki."

Kuanzia hapo hatukufanya kikao bila kiti cha Itifaki. Kiliwekwa kwanza kabla ya vingine vyote. Aliwekewa chai. Mwisho wa kikao Wekesa aliyanywa na kuyala yaliyokuwa yake, kwa heshima. Ilikuwa mchezo mwanzoni, lakini Mwenyekiti hakuwa mtu wa kuacha mchezo uende bure. Siku tulipokuwa tunazibua mtaro, tulikuwa tumeshakubaliana kuzisukuma taka zote chini, upande wa mtoni, twende nyumbani mapema. Kila mtu alikuwa ameinua mkono. Mwenyekiti akageukia kile kiti kitupu.

"Na Itifaki anasemaje?"

Tukatazamana.

"Itifaki ni yule ambaye hayupo," akasema. "Huko chini kuna nani?"

"Kuna yule mathe anayelima sukuma wiki," mtu akajibu.

"Basi leo Itifaki ni yeye. Wekesa, mjibie."

Wekesa akasimama nyuma ya kiti, akabana sauti ikawa nyembamba: "Mimi nauza sukuma. Nyinyi mnatupa takataka kwa sukuma yangu, halafu jioni mnakuja, mathe nikatie ya kumi. Si mnakula taka yenu?" Tulicheka tukaanguka kwenye mabenchi. Kisha tukachukua magunia, tukabeba zile taka mgongoni hadi juu barabarani zinakopitiwa na lori. Tangu siku hiyo sijawahi kukaa kwenye mkutano wowote, hata wa harusi, bila kujiuliza ni nani hayupo. Huyo mzee mwenye makombo kwenye tai ndiye aliyenitia hilo kichwani, na mtu yeyote asije akanidanganya kwamba hakuwa mwalimu.

Lakini kiti hakukiachia. Jamani, hakukiachia!

Kila mwaka tulikuwa na mkutano mkuu, na uchaguzi ulikuwa wa kipekee. Alisimama akasema, "Wanaotaka niendelee, wanyamaze." Sasa mtu atafanya nini? Tunanyamaza, hata kwa mshangao tu. "Asanteni," anasema. "Kwa kauli moja." Kama kuna mpinzani, aliruhusiwa kuzungumza bila kizuizi, mradi azingatie itifaki kikamilifu, yaani asalimie kila mtu kwa cheo chake kwanza. Nilijaribu mara mbili. Mara zote mbili nilikuwa nimefika kwa kwaya ya akina mama wakati harufu ya pilau ilipoingia, watu wakaanza kusimama, na Mwenyekiti akafunga kwa sala.

Na mimi muda ulikuwa unaniishia. Serikali inasema ukifika miaka thelathini na mitano wewe si kijana tena, na mimi nilikuwa ninafika baada ya Krismasi. Ninyi mnaweza kucheka. Lakini nilikuwa nimeitwa Kesho tangu nina chunusi. Nilikuwa na mambo niliyotaka kufanya na kile kikundi, kufundisha wasichana ususi, kurudisha uwanja wa mpira uliogeuzwa maegesho, na nilijua ninaweza. Kama ningefika Januari sijakikalia kile kiti, basi kesho yangu ilikuwa imepita nikiwa naleta maji.

Nikamwendea nyumbani, peke yangu, kwa adabu, na mkate.

"Mwenyekiti, mwaka huu naomba niwanie."

Alinitazama kwa huruma. "Kesho, haraka ya nini? Wewe bado mbichi."

"Mbichi? Nina mtoto wa darasa la sita!"

"Ndiyo nasema. Mlee kwanza."

"Mwachie mtoto wa watu hicho kiti!" Mama Shiro akapiga kelele kutoka jikoni. "Na ukimwachia, mwambie akirudishe, nina wageni Jumapili!"

Mwenyekiti akashusha sauti. "Mwaka ujao," akaniambia. "Mwaka ujao, kwa hakika." Alikuwa ameniambia hivyo hivyo mwaka uliotangulia, tena kwa maneno hayo hayo, na mwaka mwingine kabla ya huo. Nilirudi saluni nikaanza kumsuka mteja. Nilivuta nywele kwa hasira hadi yule dada akaniuliza kwa upole amenikosea nini.

Wekesa alikuwa hapo, amekuja kunitengenezea bomba la sinki. Alikuwa amelala chini, nusu ya mwili ndani ya kabati. Nikamwaga yote. Nikasema Mwenyekiti anachelewa, anakula kwanza, anakatiza watu, sheria zake zote tatu anazivunja, na bado yeye ndiye kiongozi!

"Hakuna msee amewahi kushika hizo sheria zote," sauti ya Wekesa ikatoka chini ya sinki. Akagonga bomba. "Labda Itifaki."

Mkono wangu ulisimama kwenye kichwa cha mteja. Yule mteja, ambaye hata si wa kikundi chetu, akasema, "Aki, fanyeni hivyo."

Siku ya mkutano mkuu ukumbi ulijaa. Mwenyekiti alichelewa, akaingia akitafuna, akamkatiza mwombaji katikati ya sala, akatukaririsha sheria tatu. Kisha akaweka mkono kifuani. "Wanaotaka niendelee..."

Nilisimama. "Mwenyekiti, napendekeza jina."

"Zingatia itifaki kwanza," akasema, kama kawaida, na macho yake yakaenda jikoni kuona pilau imefika wapi.

"Ndiye huyo ninayempendekeza," nikasema. "Itifaki."

Watu walicheka. Yeye pia alicheka, maskini. "Itifaki hayupo," akasema.

"Mwenyekiti," Wekesa akasema, "si umempa chai miaka hii yote?"

"Na umri? Hapa ni vijana!"

"Alizaliwa hapa hapa siku ya choo. Hata darasa la kwanza hajafika."

Ukumbi ukaanza kuchemka. Mwenyekiti akagonga meza. "Sifa! Kiongozi ana sifa. Ana sifa gani?"

Mimi sikuhitaji kujibu. Alikuwa ametukaririsha mwenyewe. Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Hajawahi kuchelewa!" Mwingine, "Hajawahi kula kabla yetu!" Akina mama wa kwaya wote kwa pamoja, "Na hajawahi kumkatiza mtu!" Mabati yakatetemeka kwa makofi. Nikainua mkono, wakatulia.

"Wanaotaka Itifaki achaguliwe," nikasema, "wanyamaze."

Kimya kikaingia. Sijawahi kusikia watu wa Kangemi wamenyamaza namna ile. Hata watoto walinyamaza. Jikoni mtu alishika kifuniko cha sufuria hewani asikishushe. Mwenyekiti akafungua mdomo kupinga. Nikaona akikumbuka kwamba mpinzani lazima kwanza asalimie ukumbi mzima kwa vyeo, na kwamba wa kwanza kabisa wa kusalimiwa, kwa taratibu zake mwenyewe, alikuwa aliyekaa kando yake, na kumsalimia ni kukiri kwamba yupo. Akaufunga.

"Kwa kauli moja," Wekesa akasema, taratibu, kama mtu anayefunika mtoto aliyelala.

Mzee alisimama. Nilidhani atafoka. Alikigeukia kile kiti cha buluu, akainamisha kichwa, akasema, "Basi mshindi ahutubie."

Tukangoja. Kiti kilikuwa pale, kimepasuka mgongoni, chai inafuka mvuke. Hakuna aliyecheka. Baada ya muda alitikisa kichwa.

"Hotuba nzuri," akasema. "Fupi. Mimi sijawahi kutoa kama hiyo." Akafungua tai, akaitundika kwenye kile kiti, akatoka. Alipita karibu na sufuria ya pilau hata asiiangalie. Hapo ndipo roho iliponiuma. Mtu yule kupita pilau!

Itifaki alihitaji msaidizi mwenye miguu. Jina langu likatajwa, akaulizwa kama anapinga, akanyamaza. Ndivyo nilivyokuwa kaimu, na kaimu ikawa mwenyekiti, na uwanja wa mpira tukaurudisha, na wasichana wanasuka. Lakini mzee hakuja tena kikundini.

Aliyekuja ni Mama Shiro, saluni, kuosha nywele. "Wee msichana," akaniambia, kichwa kikiwa sinkini, "mlifanya vizuri, lakini mmeniletea balaa. Sasa anafanya mikutano na mimi. Jana namletea uji, ananiambia nizingatie itifaki. Ameniomba nilete ajenda ya chakula cha jioni! Mimi nimemwandikisha kwa kikundi cha wazee huko Mountain View. Akawasumbue wazee wenzake."

Miaka miwili na ushei ikapita. Kiti cha Itifaki nilikuwa nakiweka saluni, kwa sababu vya ukumbini vinaibwa, na ile tai ilikuwa bado inaning'inia mgongoni mwake. Wateja wote walijua hakikaliwi. Jumamosi moja, watu wamejaa, mashine ya kukausha inavuma, nikasikia hodi. Alikuwa yeye. Alikuwa amekonda kidogo, shati halina tai, kofia mkononi.

"Mwenyekiti," akasema, "naomba nafasi ya kuzungumza."

Nikageuka nyuma nione anaongea na nani. Hakukuwa na mtu, ila ukuta na picha ya mitindo. Alikuwa ananiambia mimi. Nikamwambia, "Karibu, mzee wangu. Zungumza."

"Kule kwa wazee," akaanza, "mimi ndiye mdogo kwa wote. Wananiita kijana." Akasema hilo neno kama lina mifupa. "Kijana, panga viti. Kijana, lete maji. Na mwenyekiti wao! Ana umri wa baba yangu. Analala kwenye kikao. Akiamka anasema wanaotaka aendelee wanyamaze, na nusu yao wamelala, watafanyaje? Juzi nimemwendea kwa adabu, na mkate, nikamwambia naomba niwanie. Ameniambia mimi ni mzee wa kesho."

"Ukamwambiaje?"

Akanitazama. Mdomo ulianza kumcheza.

"Nikamuuliza, kesho saa ngapi?"

Tulicheka. Tulicheka hadi nikaachia kitana, hadi yeye akashika ukuta kama mkewe, hadi wateja wakaanza kucheka bila kujua wanacheka nini. Alipofuta machozi aliniuliza kama ningemwazima Itifaki.

"Kwani wazee hawana viti?"

"Viti viko," akasema. "Itifaki hawana."

Nikampa. Alikichukua kile kiti kwa mikono miwili, na tai yake ikiwa bado mgongoni, akakiweka kichwani kama mama anayepeleka maji. Alipofika mlangoni akageuka, polepole, kwa ajili ya goti.

"Usijali," akasema. "Nitamrudisha kabla ya mkutano wenu mkuu. Nasikia na wewe siku hizi, wakitaka uendelee, wananyamaza."

Akaenda. Nilimwona kupitia dirishani akikatiza umati na miguu minne ya buluu ikielekea mbinguni. Nilikuwa nimesimama na kitana mkononi, mwanamke wa miaka thelathini na saba, Mwenyekiti wa Vijana.

"Huyo mzee ni nani?" mteja akaniuliza.

"Ni kijana wetu mmoja," nikasema. "Kiongozi wa kesho."

Kisha nikachukua simu nikampigia Wekesa, nikamwambia aanze kutafuta mtu wa kunitoa, na safari hii awe na mwili.